Wanaanza kupima kwenye 1 badala ya 0

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa darasa la tatu wanapima penseli ya sentimita 7 na kuandika 8. Nimekutana na hilo mara nyingi: wanahesabu alama za rula, si nafasi zilizo kati ya alama.

Weka rula pembeni kwanza. Wape vipande vya karatasi vya sentimita 1, wavipange kando ya penseli bila kuacha mwanya wala kupandanisha, kisha wavihesabu. Halafu wavibandike kwenye ukanda mrefu na kuandika namba mwishoni mwa kila kipande. Hapo watauliza wenyewe: mwanzoni paandikwe nini? Usiwaharakishe, mimi hutumia vipindi viwili hapo.

Baadaye wachoree kwenye kadibodi rula "iliyovunjika" inayoanzia 3. (Ya plastiki iliyovunjika kweli ina ncha kali.) Anayejibu 10 kwa penseli ileile bado anasoma namba tu, mrudishe kwenye vipande. Waoneshe pia kwamba rula nyingi sifuri yake haiko ukingoni kabisa.

Mtoto akiinamia mno rula ili aone alama, washauri wazazi apimwe macho.