Viungo vya betri ya lithiamu chomboni: kuzuia kutu ya chumvi

Mashua za dagaa na boti za kubeba wageni zinazoacha betri za asidi na kuchukua lithiamu ya volti 12.8, ile ya LiFePO4, mara nyingi huhamia na mazoea ya zamani. Fundi humwagia taminali maji ya magadi soda, hupaka grisi kote, kisha hukaza nati. Magadi hutuliza asidi, na betri hii haitoi mvuke wa asidi. Kinachokula viungo vyake ni chumvi ya bahari, unyevu, na metali mbili tofauti zilizobanwa pamoja.

Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewani hata siku kavu, kwa hiyo kiungo kilichorushiwa maji mara moja hubaki na unyevunyevu usioisha. Hapo aluminiamu ikigusana na shaba, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaotokea haupitishi umeme. Wanaojiundia betri kwa seli za mraba waangalie sana hili, kwa sababu taminali za seli hizo, hasa ya chanya, kwa kawaida ni aluminiamu, na vipande vya kuunganishia ni shaba iliyopakwa nikeli. Ukijani ukionekana, ni shaba inayoliwa.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 5 tu, mota ikivuta ampea 100, hupoteza nusu volti na kutoa wati 50 za joto mahali padogo kabisa. Plastiki huyeyuka. Wakati wa kuchaji, chaja husoma volti za juu kuliko zilizomo ndani ya betri, ikapunguza chaji mapema. Nayo BMS, kadi inayolinda seli, hudanganywa na kiungo kibovu kati ya seli na kukata umeme, kisha lawama zote zinaangukia seli nzima zisizo na kosa.

Kabla ya kufungua chochote, tenganisha paneli ya sola kwanza, zima taa na mota, ndipo utoe waya wa hasi wa betri. Vua pete na saa, na uzungushie mpini wa spana utepe wa umeme. Shoti ya lithiamu ni kali mno.

Futa taminali na lagi, yaani kichwa chenye tundu kinachobanwa mwishoni mwa waya, kwa kitambaa chenye maji baridi ya kunywa. Maji ndiyo yanayoyeyusha chumvi; spiriti peke yake haiiondoi. Kisha pitisha spiriti na uache pakauke kabisa. Shaba isugue kwa msasa laini hadi ing'ae, lakini iliyopakwa bati au nikeli iguse kidogo tu, maana ukiondoa ule mpako umeondoa kinga yake. Aluminiamu ina tabia ya kufanya ngozi mpya isiyopitisha umeme mara tu inapokutana na hewa. Paka kwanza grisi maalumu ya viungo vya aluminiamu, tabaka jembamba, sugua kwa brashi ya waya ndani ya grisi hiyohiyo, na funga papo hapo. Baadhi ya grisi hizo zina chembe za zinki zinazopitisha umeme, kwa hiyo isitambae kutoka chanya kwenda hasi.

Mpangilio wa kufunga ndipo wengi wanapokosea. Lagi ikae moja kwa moja juu ya taminali. Washa ya kawaida, washa ya springi na nati huja juu ya lagi, kamwe si chini yake. Chuma cha pua hupinga umeme takribani mara 40 kuliko shaba, na washa moja iliyowekwa chini ya lagi inatosha kuchemsha kiungo. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Nyuzi za skrubu za taminali ya aluminiamu ni laini na hukatika upesi.

Baada ya kukaza, sasa ziba: pulizia kinga ya kutu au paka vaselini juu na pembeni, kisha funika kwa kofia ya mpira. Alama ya IP67 kwenye betri, ile ya kuzuia vumbi na maji, inahusu kasha, haikingi taminali.

Waya uwe wa shaba uliopakwa bati, na hapa tusibane matumizi. Lagi ibanwe kwa koleo lake, isiunganishwe kwa risasi ya kulehemu, kwani risasi hupanda ndani ya nyuzi, huzikakamaza, na mtikisiko wa injini huzikata. Shingo ya lagi ivalishwe mpira unaobana kwa joto wenye gundi ndani. Bila gundi, maji ya chumvi hupanda ndani ya waya. Ukikuta nyuzi nyeusi, kata hadi ufikie shaba safi.

Betri isikae karibu na ngama, pale chini maji yanapokusanyika chomboni. Kiungo cha chanya chenye umeme kikilowa maji ya chumvi huliwa kwa siku chache, hata kama kazi yote ilifanywa vizuri.

Kwa mashua za dagaa, mbalamwezi inapozilaza ufukweni ndiyo nafasi ya ukaguzi. Washa mzigo mkubwa, weka multimita kwenye milivolti, ncha moja kwenye taminali yenyewe, nyingine kwenye lagi. Kwa ampea 50, kiungo kizuri husoma milivolti chache. Kikipita 30, kifungue. Rudia kati ya lagi na waya kwa kuchoma ncha kwenye nyuzi, halafu uzibe tundu hilo kwa gundi na mpira kabla chombo hakijarudi majini.