Kupamba darasa la chekechea kwa sura ya mazingira: ukuta mmoja unatosha

Kabla ya kununua karatasi yoyote, chuchumaa katikati ya darasa uangalie kuta. Mtoto wa miaka minne huyaona mambo kutoka hapo, sentimita 90 hivi juu ya sakafu. Vitu vyako viwe kati ya sentimita 50 na 120. Ukipandisha zaidi ya hapo, umewapambia wazazi.

Chagua ukuta mmoja, na usiwe ule wa ubao. Madarasa mengi yetu hapa Uganda yamebandikwa pande zote nne, kuanzia twiga mpaka matufaha, na mwalimu anashangaa kwa nini watoto hawamtazami. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na watoto 24 wa chekechea. Katika chumba kilichojaa mapambo, watoto walijibu sawasawa asilimia 42 ya maswali. Mapambo yalipoondolewa walifika asilimia 55.

Kwa usuli, hakuna kinachoshinda lubugo, kitambaa cha gome la mtuba. Rangi yake ya udongo haigombani na kitu chochote. Kipande cha mita 2 kwa 1 kinatosha. Usikipake gundi, itapenya na kuacha madoa. Kishone pindo upande wa juu, pitisha ufito wa mwanzi, kisha ukining'inize kwenye misumari miwili iliyopigwa juu wasikofika watoto. Juu yake shikiza korongo taji, ndege wa bendera, mwenye taji la nyuzi za katani, na mgomba wenye mkungu.

Majani mabichi ya mgomba hupendeza siku moja tu, kesho yake yamejikunja. Tumia byayi, yale maganda makavu ya shina. Yaloweke dakika 10 yasipasuke unapoyakunja, halafu yakauke kabisa kabla ya kuyatundika, maana yakiwa na unyevu yataota ukungu, hasa mvua za Machi hadi Mei.

Gundi ya karatasi ipike mwenyewe. Koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji baridi, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, na usiache kukoroga mpaka ing'ae. Unga ukiutia moja kwa moja kwenye maji moto, utapata madonge. Paka nyembamba. Gundi nene huita mende na panya, nao wakianza kutafuna hawabakizi kitu. Pika ya kutosha siku mbili tu, ikizidi huchacha.

Hapa ndipo tunapoomba umakini wako wote: mbegu na mimea. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinazotungwa shanga, zisiingie darasani kabisa. Moja ikitafunwa inaweza kuua. Mbegu za mbarika nazo ni sumu. Utomvu mweupe wa mnyaa wa uani huunguza macho. Na mbegu yoyote ndogo, hata ile salama, huishia puani au masikioni mwa mtoto, kwa hiyo weka maganda makubwa, mawe ya ukubwa wa ngumi ya mtoto na vipande vya gome.

Kitu hai kimoja kinapita picha kumi. Kata chupa angavu ya nusu lita, jaza magazeti yaliyoloweshwa, penyeza maharage manne kati ya gazeti na ukuta wa chupa ili mizizi ionekane. Nunua maharage ya kula sokoni, si mbegu za dukani zilizopakwa rangi, kwani hizo zina dawa. Gazeti liwe na unyevu tu. Maji yakituama chini, maharage huoza na mbu hutaga. Mizizi huchomoza baada ya siku tatu au nne. Chupa iwe dirishani, na watoto wapokezane kumwagilia, kijiko kimoja kila asubuhi.