Edita ya kila siku kwa laptopu ya memori ndogo

Kaka, umeuliza kama VS Code, edita ya kuandikia programu, yafaa kwa laptopu ya memori ya GB 4. Yafaa, lakini ujue unachobeba: imejengwa juu ya Electron, zana ya kuundia programu za kompyuta, yaani ndani yake mna injini nzima ya kivinjari cha Chromium, na kila kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) unachoongeza kinakula memori yake. Ukifungua na tabu kumi za intaneti, joto hili la kaskazi hapa Tudor, Mombasa, feni italia kama boti ya mashine.

Usiipime kwa faili la mistari mitano. Fungua mradi wako mkubwa kabisa, tafuta neno moja kwenye faili zote, badilisha jina la fanksheni kila mahali, fungua logi (faili la kumbukumbu za programu) ya MB 200, kisha zima intaneti uone kinachobaki. Wiki nzima, si nusu saa.

Mimi niko na Vim, edita inayotumika kwa kibodi ndani ya terminal. Mwanzoni kutoka tu ndani yake kulinitoa jasho (amri ni `:q!`, hutoka bila kuhifadhi, usisahau), ila nikiingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri za maandishi), mara nyingi naikuta hukohuko. Ni ya bure. Marehemu Bram Moolenaar, aliyeitoa 1991, aliomba tu anayeipenda awachangie watoto wa Uganda. Sublime Text, edita nyingine, pia nyepesi, lakini leseni yake ni ya kulipia.