Dada, usibadilishe laini ya simu

Dada mleta mada, ACHA KABISA. Umeuliza kuhusu fomu za malezi ya kambo, kuhamisha shule, na kama ubadilishe laini ili kaka wa mtoto na yule bibi mpishi wa makao ya watoto alikotoka wasimpigie, "mpaka atulie". Mimi nimekwama hapo kwenye laini.

Sisi tuliambiwa hivyohivyo na mfanyakazi wa makao tulikomchukua kijana wetu: simu zitamliza tu, mwacheni awazoee kwanza. Tukafuata. Mtoto akalia, kisha akanyamaza, tukamshukuru Mungu kwamba kazoea. Kumbe kakata tamaa. Kaka yake alikuwa kwa familia nyingine Morogoro, na tulipoanza kumtafuta, familia imeshahama, namba haipatikani. Alipopatikana ana ndevu tayari. Akampa mdogo wake mkono, "habari yako", basi. Watoto waliolala kitanda kimoja!

Yule mfanyakazi sijamsamehe. Alituambia kwa uhakika wote, ilhali Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema ndugu wasitenganishwe isipokuwa pana hatari ya wazi au ni kwa manufaa ya mtoto, na wakitenganishwa wasaidiwe kuwasiliana. Nani alitusomea hilo?

Halafu fikiria mbele. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto mpaka 18. Akivuka hapo, jalada lake la ustawi wa jamii linaweza kufungwa. Siku anataka kuoa, mshenga atatumwa na nani? Akilazwa, nani atakuja na uji? Wewe utakuwepo, inshallah, lakini mtu mmoja si ukoo.

Kwa hiyo kabla hajalala kwako usiku wa kwanza, kaa naye, akutajie watu wake wote, hata mpishi, hata mwalimu. Andika kwenye daftari, kila mtu namba mbili, yake na ya jirani yake, maana watu wanahama. Kama kuna aliyewahi kumdhuru, huyo mpeleke kwa afisa ustawi, yeye aamue waonane vipi na mbele ya nani. Wengine wote waache wapige.

Umesema bibi akipiga usiku mtoto halali. Mwombe apige Jumamosi mchana, baada ya chakula, na mkimaliza kaa na mtoto kidogo. Akilia, alie. Anamlilia mtu ambaye bado anaweza kumpata.