Kulwa na Doto Wako Wapi? Ushauri kwa Anayesoma au Kuandika Majina ya Wahusika

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi ya kijana wa Kirumba, hapa Mwanza, nikampa jina la Elias Shija. Nililichagua jina Shija kwa sababu ni la Kisukuma, ni fupi, na lilinipendeza masikioni. Jioni moja nilimsomea sura za mwanzo bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Magu, naye alinisikiliza kwa utulivu mpaka nilipofika mahali paliposema kwamba baba yake Elias alikuwa mtoto wa kwanza na wa pekee kwa wazazi wake. Hapo alinikatisha: "Mjukuu wangu, Kulwa na Doto wako wapi?"

Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayemfuata huitwa Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya pacha ndiye Shija. Kwa hiyo Shija hawezi kuwa kifungua mimba. Kwa jina hilo moja nilikuwa nimewaingiza katika ukoo wa Elias watu wawili nisiowajua, kisha nikawakana katika sentensi iliyofuata.

Tangu siku hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetafuta maana iliyofichika katika jina la ukoo la mhusika ni huu: uliza kwanza jina hilo ni la nani. Kwetu Tanzania, jina la pili la mtu kwa kawaida ni jina la baba au la babu, na kwa sababu hiyo hueleza mazingira ya kuzaliwa kwa mzazi, wala si tabia ya yule anayelibeba sasa. Mhusika anayeitwa Mabula anatuambia kwamba mvua ilikuwa ikinyesha baba yake alipozaliwa. Otieno, kwa Wajaluo wa upande wa Mara, ni aliyezaliwa usiku, na Odhiambo ni wa jioni. Niliwahi kuandika ukurasa mzima nikidai kwamba Otieno wa hadithi fulani alipewa jina hilo ili kudokeza giza la moyo wake. Nilikosea, kwa maana hakuna hata tukio moja katika hadithi ile lililouunganisha usiku na matendo yake.

Namna hiyo ya kusoma nilikuwa nimeichukua kwa waandishi wa Uingereza bila kuipima. Charles Dickens, katika Hard Times ya mwaka 1854, alimbunia mtu mkavu wa moyo jina la Gradgrind, ambalo ndani yake mna neno la Kiingereza lenye maana ya kusaga, na mwalimu akamwita M'Choakumchild, jina ambalo kwa kulisikia tu ni mkaba watoto. Majina hayo yalibuniwa kwa ajili ya wahusika hao. Jina la Mabula halikubuniwa na mwandishi. Lilikuwapo kabla yake, na yeye ameliazima pamoja na historia yake.

Ziwa letu limetupa mifano bora zaidi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka wanateseka kwa kukosa mtoto, na hatimaye wanapopata watoto, mmoja anaitwa Ntulanalwo, yaani ninaishi nacho siku zote, na kinachosemwa hapo ni kifo. Mwingine ni Bulihwali, yaani mateso haya yatakwisha lini. Msomaji asiyeuliza maana hizo atadhani kwamba huzuni ya wazazi ilikwisha watoto walipozaliwa, ilhali wazazi wanaitamka kila wanapowaita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe. Rosa, katika riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971, ni binti Zakaria, na mahali ambapo msomaji wa Kitanzania angetarajia jina la baba, jalada linaandika Mistika. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania, yaani sala ya kuitikiana ya Wakatoliki, na kwa Kiswahili husemwa Waridi lenye fumbo. Zakaria anamlinda binti yake kwa ukali mwingi, na binti huyo anaangamia. Kwa hiyo jina hili takatifu, lililokaa mahali pa jina la baba, ni jambo la kulitafakari taratibu. Hapa tafsiri ina haki ya kwenda mbali, kwa kuwa hadithi nzima inaiunga mkono.

Ukiwa unaandika, mtafute mzee anayeizungumza lugha ya jina hilo kabla hujaandika sura ya kwanza, na umwulize pia ni nani hulazimika kuwapo katika familia yenye jina hilo. Mimi nililibakiza jina la Shija. Nilirudi nyuma nikawaandika Kulwa na Doto kuwa shangazi zake Elias, wauza dagaa katika mwalo wa Kirumba, na wao ndio wanaomlea Elias baada ya baba yake kufariki.