Usilipe kwa wakili wa dalali

Mkuu, usilipe! Umeandika kwamba unanunua kiwanja, dalali wa Kigamboni amekuletea wakili wa bei poa wa kusimamia mauziano, umemwangalia kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama wa kuhakiki mawakili, ukakuta leseni yake iko hai, sasa unauliza kama inatosha. Haitoshi. Nimepita hapo hapo.

Mwaka 2019 nililipa milioni 14 zote siku moja, mezani kwa wakili aliyeletwa na dalali. Muuzaji alikuja na nakala ya hati, akasema halisi iko kwa mama yake Moshi. Wakili akaisoma, akagonga muhuri, akachukua elfu 50 yake. Miezi minne baadaye nikakuta tangazo la mnada limebandikwa kwenye mwembe wa kiwanja changu. Hati halisi ilikuwa benki, imewekwa rehani. Upekuzi mmoja tu kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia kwenye daftari lake kama kiwanja kina rehani, ungeionyesha. Wakili hakuufanya, na mimi sikuuliza, maana nilipoona muhuri nilitulia, nikadhani kuna mtu ameshanikagulia.

Yule bwana alinikera hadi leo, lakini hesabu yake naielewa. Dalali anampelekea wateja kila wiki. Mimi ningerudi kwake labda baada ya miaka kumi. Akikuta rehani, biashara inavunjika, dalali anakosa asilimia 10 yake, na wiki inayofuata wateja wanapelekwa ofisi ya jirani. Nilipolalamika, ndipo nikajua kwamba chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, Kamati ya Mawakili inaweza kumfuta, kumsimamisha au kumwonya. Sawa, hiyo inamlinda mteja atakayekuja baada yangu. Milioni 14 zangu ni kesi nyingine mahakamani, na wakili mwingine wa kulipa. Na yule wa mtaa wa pili, anayefanya upekuzi na kutoza laki tatu, naye analipia leseni ile ile kila mwaka, ila tunamkimbia tukisema ni ghali.

Wakili mtafute mwenyewe, asiyejuana na dalali wala muuzaji, umlipe wewe. Majibu ya upekuzi yatoke kabla shilingi haijatoka mfukoni, na hati halisi uishike kwa mkono wako.

Ile advansi unayotaka kupeleka Ijumaa, ahirisha. Mwombe muuzaji namba ya hati leo hii usiku. Akianza kukuzungusha, rudi hapa utuambie.