Kiwanja cha kifusi: anza na tuta moja

Kiwanja changu hapa Mbagala kilimwagwa kifusi kabla sijakinunua, maji yasituame. Vipande vya tofali, zege, misumari, chupa, mpaka nusu ya sinki la choo. Nikataka kukisafisha chote nipande mboga. Wiki mbili za sururu zikaniachia mgongo mbovu na rundo la mawe ambalo hata wa bure hakutokea kulichukua.

Wewe chimba tuta moja tu, mita 1 kwa 3, penye jua na karibu na maji. Shuka futi moja, udongo upitishe kwenye chekeche la mafundi ujenzi. Mawe makubwa yatakuwa ukingo wa tuta. Vaa viatu vigumu. Mimi nilivaa ndala, msumari ukanipeleka kuchoma sindano ya pepopunda. Na ukikuta mabaki mengi ya rangi ya zamani, hapo usipande mboga kabisa, maana rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Hamia upande mwingine.

Kilichonisumbua kuliko mawe ni vumbi la saruji. Mchicha wangu uliota vizuri, kisha majani machanga yakageuka njano, mishipa yake ikabaki kijani. Jirani akasema mwagia majivu. Nikamwaga, ukazidi kudhoofika. Kumbe chokaa iliyomo kwenye saruji huzuia mizizi kunyonya madini ya chuma hata kama yamo udongoni, na majivu nayo ni yale yale ya chokaa. Kabla ya kupanda, weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisosi, dondoshea siki. Ukitoa povu, chokaa ipo. Hapo changanya mboji nyingi, kila msimu, na majivu yabaki jikoni. Samadi ya kuku iache ioze kwanza; mbichi inaunguza miche.

Au nunua udongo, utaambiwa. Nilinunua toroli kumi za udongo mweusi, mzuri wa kutamanisha, kumbe umejaa ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi. Ukiing'oa inakatikia juu, kile kikokwa cha chini kinachipua tena. Kabla hujalipa, chota konzi kadhaa, pekua vikokwa vyeusi.

Zao la kwanza liwe matembele. Omba vikonyo kwa jirani, chomeka wakati wa mvua. Kwangu ndiyo yaliyovumilia kifusi, na mpaka leo nachuma hapo hapo wakati lile tuta la ndago bado napambana nalo.